Kaka Aliyetumwa Siku ya Harusi ya Jecinta Munee

Wewe uliyeshika karatasi hii, nakujua. Umeshatazama picha ya jalada, umegeuza nyuma kuona chakula ni saa ngapi, na sasa unajipepea nayo. Wasifu huwa husomi. Sikulaumu sana, maana wasifu wote wa huku kwetu ni mmoja: marehemu alizaliwa, akasoma, akafanya kazi kwa bidii, akafunga ndoa takatifu, wakajaaliwa watoto, akaugua, akafa. Hapo kwenye ndoa ndipo ninapokasirika. Siku kubwa kuliko zote inapewa maneno matatu, kisha tunakimbilia kuhesabu watoto.

Mama yetu hapimiki kwa maneno matatu. Harusi yake ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1997, na kuna mtu aliyetoka kwenye harusi hiyo asubuhi akiwa mzima na hajarudi mpaka leo. Anaitwa Muindi. Ni kaka yake Mama. Kamati ya mazishi imeligombania jina hilo wiki nzima: wengine walitaka lisiandikwe kabisa, na waliokubali liandikwe hawakuelewana liwekwe wapi, kwa walio hai au kwa waliokufa. Mama aliniachia maagizo kabla ya kuondoka. Mimi ni Twaiba, mtoto wake wa kwanza, na nimeandika alivyosema. Acha kujipepea, soma.

Jecinta Munee alizaliwa Ijumaa, tarehe 12 Mei 1972, hapa hapa Kikoneni, kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa pale penye mikorosho. Wazazi wake, marehemu mzee Kisilu na marehemu Wayua, walikuwa wametoka Mbooni mwaka 1969 kutafuta ardhi. Walikuja na Muindi mgongoni, ana mwaka mmoja. Baada ya Muindi na Munee walizaliwa wengine, lakini hawakukaa. Kwa hivyo nyumba ile ilikuwa ya watoto wawili, na wa pili alimfuata wa kwanza kila mahali. Nyanya alikuwa akisimulia kwamba siku moja Muindi alimpandisha dada yake juu ya mkorosho, akamwambia, "Kaa hapo, nakuja," kisha akaenda kucheza mpira akasahau. Jioni walimtafuta mtoto kijiji kizima. Alipopatikana alikuwa bado yuko juu, miguu imekufa ganzi, na Nyanya alipomuuliza kwa nini hakushuka, akajibu kwamba Muindi amesema anakuja.

Alianza shule ya msingi hapa Kikoneni mwaka 1979. Kidigo alikijua kabla ya Kiswahili, Kiswahili kabla ya Kikamba, na Kiingereza alisema kimekuja akiwa amechoka. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1986, akaenda sekondari Msambweni, akaachia kidato cha pili kwa sababu Nyanya aliumwa mgongo na shamba halikuwa na mtu. Hakuwahi kujutia, au hakusema. Alichopenda shuleni ni sayansi kimu. Mpaka anakufa alikuwa akikuona na shati lililopigwa pasi vibaya anakuvua mwenyewe.

Mwaka 1991 Muindi alimwita Ukunda. Muindi alikuwa fundi mwashi, akijenga kuta za nyumba za wageni huko Diani, na ndiye aliyemtafutia dada yake kazi ya udobi katika hoteli moja ya ufuoni. Mama alifua na kunyoosha mashuka pale miaka sita. Alipanga chumba Mvindeni, nyumbani kwa Bi Twaiba, mama wa Kidigo aliyekuwa akikaanga viazi vya karai mlangoni pake. Bi Twaiba yuko hapa leo, safu ya mbele, mwenye leso ya buluu. Ndiyo, jina langu ni lake. Watu huniuliza Mkamba wa kanisani ameitwaje Twaiba. Endelea kusoma utajua.

Hapo hotelini ndipo alipokutana na Hesbon Makau, mtunza bustani, ambaye ni baba yetu. Baba anasema alimpenda alipomwona akigombana na meneja kuhusu doa. Mama anasema, alikuwa akisema, kwamba yeye alimpenda kwa sababu alikuwa hana maneno mengi. Mbuzi walipelekwa Kikoneni mwezi wa Aprili 1997, wazee wakala, wakakubaliana. Tarehe ikawekwa. Agosti, Jumamosi ya tatu.

Sasa kuna vijana hapa ambao Agosti ya mwaka ule hawakuwa wamezaliwa, na kuna wazee ambao ikitajwa wanaangalia viatu vyao. Nitasema kwa ufupi. Jumatano ya wiki ile vita vilizuka Likoni. Watu wa bara, kama sisi Wakamba, walikuwa wakifukuzwa, wakichomewa, wakiuawa. Kufikia Alhamisi habari zilikuwa zimeshuka mpaka Ukunda. Bi Twaiba aliingia chumbani kwa Mama saa nane mchana akamtupia buibui lake.

"Vaa."

"Mama, na vitu vyangu?"

"Vitu vitakaa. Vaa, ushike mkono wangu, usizungumze. Ukisalimiwa mimi ndiye ninayeitikia."

Akamtoa hivyo, akampitisha uchochoroni mbele ya vijana waliokuwa na mapanga, akamsalimia mmoja wao kwa jina la mamake, akamfikisha kwenye uwanja wa kanisa ambako watu walikuwa wakijikusanya. Baba alikuwa ameshafika. Muindi alifika jioni na baiskeli yake na begi la vifaa vya uashi, na hakuna kingine.

Ijumaa mchungaji, ambaye sasa ni marehemu, aliwaita Mama na Baba kando. Aliwaambia kwamba watu mia nne wamelala chini hapa, watoto wanalia, na yeye hana chakula cha kuwapa, lakini ana harusi. Kama wanataka, kesho saa nne atawafungisha kama ilivyopangwa. Watu wapate kitu cha kuimba. Wakakubali.

Jumamosi asubuhi ilikuwa kimya. Hicho ndicho kilichowadanganya. Hakukuwa na moshi mpya, na mtu mmoja aliyetoka barabarani alisema askari wamepita. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa amejifunga leso mbili za kuazima, na gauni lake lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake Mvindeni, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alikuwa amelishona mwenyewe kwa miezi mitano. Maneno yaliyosemwa hapo nimeyasikia kwa Mama na nimeyasikia kwa Baba, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana hata neno.

Mama alisema, "Mimi siolewi na leso."

Muindi akasema, "Unaolewa na Makau, si na nguo."

"Basi kaolewe naye wewe."

Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumatano. Muindi naye alicheka, akasimamisha baiskeli, akakifuta kiti kwa mkono wa shati.

"Haya, bibi harusi. Nusu saa."

"Na viatu," Mama akamwambia.

"Na viatu."

Akatoka getini akapanda baiskeli akashika barabara kubwa. Ilikuwa saa mbili na robo.

Saa mbili na nusu Bi Twaiba aliingia uwanjani kwa nyuma, kupitia mashamba, buibui limejaa majani ya mihogo. Alikuwa mnene kuliko alivyoondoka Alhamisi. Alisimama mbele ya Mama akafungua buibui, na ndani yake amejizungushia gauni jeupe, lote, na veli ameikunja kifuani. Hakuna aliyemtuma. Aliamka akaliona limetundikwa, akakumbuka ni Jumamosi.

"Viatu nimesahau," alisema. "Nimefika njiani ndipo nimekumbuka. Nisamehe, mwanangu."

Mama hakusema asante. Alisema, "Umekutana na Muindi?"

Hawakuwa wamekutana. Bi Twaiba alipita mashambani kwa sababu barabarani kulikuwa na vijana. Muindi alipita barabarani kwa sababu baiskeli haipiti mashambani. Hiyo ndiyo siri yote ya maisha ya Mama. Gauni lilikuwa linakuja, na aliyelifuata alikuwa anakwenda, na kati yao kulikuwa na shamba la mihogo.

Walingoja mpaka saa nne, wakangoja mpaka saa sita. Saa saba Baba na wanaume watatu walitaka kutoka, mchungaji akasimama getini akawakataza, kwa sababu sasa moshi ulikuwa umeanza tena upande ule. Saa tisa mchungaji alisema tuanze, maana saa kumi na mbili hakuna mtu kusimama nje. Mama alifungishwa ndoa saa tisa na dakika ishirini, kwenye gauni safi lisilo na hata mkunjo, miguuni amevaa ndara za kijani za choo cha kanisa. Baba anasema alipoulizwa kama anakubali, aligeuka kwanza akaangalia geti, kisha akasema ndiyo.

Picha iko ukurasa wa nne. Nenda uitazame. Kuna mpiga picha wa ufuoni aliyekuwa amekimbilia pale na kamera yake ikiwa imebakiza picha moja. Aliwapanga vizuri. Hesabu mwenyewe: watu thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja anayetazama kamera. Wote wanaangalia upande wa kushoto, getini. Mtu alikuwa amesikia kengele ya baiskeli. Haikuwa yeye.

Jumatatu Bi Twaiba aliporudi kwake alikuta baiskeli ya Muindi imeegemezwa ukutani pake, imefungwa kwa mnyororo na kufuli. Kwa hivyo alifika. Jirani mmoja, mwanamke, alisema alimsikia akipiga hodi mara tatu, kwa sauti ya kawaida, halafu kimya. Mlango ulikuwa na kufuli kwa sababu mwenye nyumba alikuwa kanisani anavisha bibi harusi. Bi Twaiba ameniambia niliandike hili kwa maneno yake, na ninaliandika: "Ningalikuwa nyumbani ningalimtia chini ya kitanda nikakaa juu yake na karai langu." Mnyororo ule hakukubali ukatwe. Baiskeli ilikaa ukutani miaka kumi na minne, mpaka chumvi ikaila ikaanguka yenyewe, mwaka 2011.

Na msidhani yeye alibaki salama. Walipokuja askari kutafuta waliofanya, walichukua kila kijana wa Kidigo waliyemkuta. Mwanawe, Alfani, alikuwa Mkwiro kwa shangazi yake wiki ile yote. Hakuulizwa. Alikaa ndani miezi mitatu akatoka na sikio moja halisikii. Ndiyo maana ukizungumza na Alfani unazunguka upande wa kulia.

Mama na Baba walikwenda Makueni kwa wakwe. Mimi nilizaliwa huko tarehe 2 Februari 1999. Mama alikaa miaka mitatu, akasema hawezi, kwa sababu Muindi akirudi atarudi Kikoneni, si Makueni. Wakarudi mwaka 2000. Siku ya kwanza, kabla ya kufungua mizigo, alinibeba akaenda Mvindeni, akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibu," Bi Twaiba akajibu kutoka ndani, kisha akatoka akamwona. "Munee. Mimi nilidhani hutakanyaga tena kwangu."

"Shikamoo, Mama. Nimekuletea mjukuu. Nimempa jina lako."

Bi Twaiba alinipokea mikononi. Walikaa kwenye mkeka, ile baiskeli iko pale ukutani kati yao, na hakuna aliyeitaja.

Hapa Kikoneni Mama alilima, alishona sare za shule, na alipiga pasi magauni ya maharusi. Kama uliolewa tarafa hii kati ya mwaka 2001 na mwaka jana, gauni lako lilipita mikononi mwake. Lakini pasi ilikuwa na sharti. Siku ya harusi alikuwa akija mapema anasimama mlangoni pa kanisa, au kama ni harusi ya Kiislamu, mlangoni kwa kina bibi harusi, anauliza swali moja: "Kuna mtu mmemtuma?" Kama yupo, shughuli haianzi. Watu walimcheka. Wengine walikasirika. Harusi ya Kanze, binti wa jirani yetu, mwaka 2012, jibu lilikuwa ndiyo, kijana mmoja, Mbwana, ametumwa barafu Msambweni.

"Basi tunamngoja Mbwana," Mama akasema.

Mchungaji akamwambia, "Mama Twaiba, barafu haiwezi kusimamisha ibada."

"Mchungaji, mimi sijasema barafu."

Tulingoja saa moja na dakika arobaini. Mama Kanze alilia, kwaya iliimba nyimbo zake zote ikarudia. Mbwana alipotokea juu ya pikipiki, gunia linavuja maji, maana alikuwa amesimama dukani kutazama mpira, kanisa zima lilitoka nje likampigia makofi. Akadhani ni kwa ajili ya barafu. Akainua gunia. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akamtazama, kisha akageuka akasema, "Anzeni." Siku ile watu wengi walicheka mpaka wakaelewa, halafu hawakucheka tena.

Kwake mwenyewe hakusherehekea. Mwaka 2007, miaka kumi ya ndoa, Baba alinunua keki Ukunda akaileta kwa uangalifu mpaka hapa. Mama alishukuru, akaikata, akatupa sisi watoto, na kipande kimoja akakifunika kwa sahani akakiweka kabatini. Kilikaa mpaka kikaota ukungu. Baba hakununua tena. Juzi kwenye kikao cha kamati, mwenyekiti wetu mwalimu Nzioki aliposema habari ya Muindi itachafua sehemu ya ndoa, tuandike mistari miwili tu, Baba, ambaye alikuwa hajafungua mdomo siku tatu, alisema: "Mwalimu, mimi nimeishi na mke wangu na shemeji yangu miaka ishirini na minane. Yeye sijamwona hata siku moja, lakini sahani yake nimeiosha. Mwandikeni."

Hiyo ilimaliza swali la kwanza. La pili ni wapi. Nyinyi mnajua programu zetu: kuna orodha ya walioachwa na kuna orodha ya waliotangulia. Babu alipokufa mwaka 2006, Mama ndiye aliyeandika, akamweka Muindi kwa walioachwa. Watu walinong'ona, lakini wakanyamaza. Nyanya alipokufa mwaka 2014, kamati iliandika bila kumuuliza, ikamweka kwa waliotangulia. Programu zilikuwa mia mbili na hamsini. Asubuhi ya mazishi Mama alikaa jikoni na kalamu nyekundu akamfuta kwenye kila moja, zote, na kumwandika upya kwa mkono kule juu. Ibada ilichelewa. Kama una programu ya Nyanya nyumbani, iangalie.

Ugonjwa ulianza Januari mwaka huu kwa uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikaa nao kimya mpaka Machi, na hilo nalisema wazi ili wanawake mlioko hapa msifanye hivyo. Alitibiwa Mombasa. Alikonda, nywele zikatoka, akajifunga leso ya kichwa kwa mtindo wa Bi Twaiba. Mwezi wa Julai tulikuwa tunachambua kunde, mimi na yeye, akasema:

"Twaiba, ile programu yangu utaandika wewe."

"Mama, programu gani? Hujafa."

"Nitakufa. Usinipotezee wakati. Muindi mtamweka wapi?"

"Kwa walioachwa, kama unavyotaka siku zote."

"Hapana." Aliendelea kuchambua. "Mimi nilikuwa nikimngoja. Nikiondoka, nani anamngoja? Wewe hukumjua. Baba yako amechoka, na ana haki. Mtu ambaye hangojwi si hai tena. Mwekeni kwa waliotangulia."

Nikasema sawa. Nilikuwa na furaha, nikidhani amemwachilia. Mama sikumjua.

"Lakini tarehe msibahatishe," akasema. "Wala mahali. Msiandike Agosti tisini na saba, msiandike Ukunda, hamjui. Acheni nafasi. Anayejua yuko, Twaiba. Yuko hai, au mwanawe yuko hai. Na mazishini huwa wanakuja. Mimi nimewaona. Mazishi ya Babu walikuja, mazishi ya Nyanya walikuja. Mtu anasimama nyuma, hali chakula, hasalimii, anaondoka."

"Ulimjuaje kwamba ni yeye?"

"Sikumjua. Ndiyo maana nakwambia muache nafasi."

Mama alifariki Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Mombasa, Baba akiwa kando yake. Hakuacha maneno makubwa. Alimwambia Baba afunge dirisha, feni inatosha. Baba alipogeuka kutoka dirishani alikuwa ameshaondoka.

Ameacha mume, Hesbon Makau, watoto wanne, Twaiba, Kisilu, Wayua na Jonathani, wajukuu wawili, na mama yake wa Mvindeni, Bi Twaiba, ambaye ameomba atajwe hapa na hakuna wa kumpinga.

Waliomtangulia ni baba yake, mzee Kisilu, aliyefariki tarehe 19 Juni 2006, akazikwa hapa Kikoneni. Mama yake, Wayua, aliyefariki tarehe 4 Novemba 2014, akazikwa hapa Kikoneni. Na kaka yake:

Muindi Kisilu, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1968 huko Mbooni, akafariki tarehe ______________________, mahali ______________________.

Abdulrahim aliyetuchapia alipiga simu jana. "Dada Twaiba, hapa mwisho kuna mapengo, nijaze nini?" Nikamwambia asijaze. "Wataona mimi ndiye niliyekosea." Nikamwambia aache waone. Si kosa lake wala si langu.

Mungu ampe Mama usingizi ambao hakuwahi kuupata tangu saa mbili na robo ya Jumamosi ile.

Na sasa nazungumza na wewe mmoja uliyesimama nyuma ya hema, ambaye chakula hutakula. Au wewe ambaye baba yako hunyamaza kila ikitajwa Agosti. Hatutafuti kesi. Hatutafuti jina lako, na mwandiko wako hatutaupeleka popote. Baba amezeeka, Bi Twaiba ana miaka themanini na mmoja, na pembeni ya kaburi hili la leo tumeacha nafasi ya lingine ambalo hatuna wa kumlaza. Kalamu ziko kwenye meza ya rambirambi, zimefungwa na uzi. Jaza, kunja karatasi, itie kapuni pamoja na za wengine, uende zako. Kama ni baba yako anayejua, mpelekee hii nyumbani umsomee mpaka hapa, kisha umpe kalamu. Tarehe ukiwa umeisahau, iache. Andika mahali.